Neno la Kiswahili Bungeni: Maoni Juu ya Tamasha la Jinja

Tumekusudia kuzungumza hapa juu ya neno moja la Kiswahili ambalo walimu wengi, nasi tukiwamo, huona haya kulitamka darasani. Wasomaji watuwie radhi. Hatulitaji kwa kupenda mzaha, bali kwa sababu neno hilo liliingia katika Bunge la Uganda mwezi wa Septemba 2022, likazua zogo, kisha likatoka bila ya kuelezwa. Na sisi ambao kazi yetu ni kueleza maneno tulinyamaza. Neno lenyewe ni nyege. Lilifika huko likiwa limerudiwa mara mbili, katika jina la tamasha la muziki la Nyege Nyege, ambalo lilianza mwaka 2015 huko Jinja, kando ya Mto Naili.

Habari yenyewe wengi wanaikumbuka. Tarehe 6 Septemba 2022, tamasha likiwa limebakiza siku chache tu lifanyike penye maporomoko ya Itanda, wabunge kadhaa walilalamika kwamba ni mkusanyiko wa uasherati na ulevi, na Spika, Bi. Anita Among, akaagiza lisifanyike. Muda si muda Waziri Mkuu, Bi. Robinah Nabbanja, akatangaza kwamba serikali imeliruhusu kwa masharti, na muziki ukalia kuanzia tarehe 15 mpaka 18 ya mwezi huo. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 marehemu Bw. Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Maadili, alikuwa amelipiga marufuku kwa hoja kama hiyo hiyo, na amri ile nayo ikaondolewa baada ya watu kupiga kelele.

Asubuhi moja katika wiki ile tuliingia katika darasa la kidato cha pili, katika shule moja ya hapa Busiu. Kabla hatujafuta ubao, mwanafunzi wa kiti cha nyuma alisimama kwa adabu zote akasema, "Mwalimu, redio inasema jina la tamasha ni neno la Kiswahili. Maana yake nini?" Darasa zima likaangua kicheko, dalili ya kwamba walio wengi walikwisha kuambiana. Tulimjibu kwamba swali lake halimo katika somo la siku ile, tukaendelea na ngeli. Twakiri kuwa jibu lile lilikuwa la woga. Mtoto alikuwa ameuliza swali la lugha, katika kipindi cha lugha, kwa mwalimu wa lugha, na wakubwa wa nchi walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo hilo.

Basi na tulijibu sasa. Waandalizi wa tamasha wameeleza mara nyingi kwamba jina walilichukua katika Kiganda, ambamo lina maana ya hamu isiyozuilika ya kujitikisa na kucheza mtu asikiapo ngoma. Kamusi za Kiswahili sanifu nazo husema kuwa nyege ni ashiki, yaani hamu ya kujamiiana. Maelezo yote mawili ni ya kweli. Lugha hizi mbili ni ndugu wa ukoo mmoja, na ndugu hurithi mali ile ile wakaitumia kwa namna mbalimbali. Mwalimu yeyote aliyefundisha Kiswahili miongoni mwa Waganda anaijua mitego ya jinsi hii. Mganda aliyefiwa na mzazi wake, akikisema Kiswahili kwa kukisia kutoka katika lugha yake, hutoa kitenzi ambacho mtu wa Mombasa akikisikia huinamisha uso kwa aibu. Kitenzi cha Kiganda cha kuwasha moto nacho, hicho hatukitaji hata katika ukurasa huu. Yule aliyetamka hakukosa adabu, wala aliyeshtuka hakuwa mshamba. Kilichokosekana ni mtu wa katikati mwenye kuzijua lugha zote mbili, na mtu huyo katika nchi hii ni mwalimu wa Kiswahili.

Hata hivyo hatutaki kuwasafisha waandalizi kupita kiasi. Waanzilishi, Derek Debru na Arlen Dilsizian, ni watu waliotoka Ulaya wakafanya makazi Kampala. Hilo si kosa. Lakini kampuni yao ya kurekodi, yenye jina lile lile la tamasha, mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za singeli za vijana wa Dar es Salaam kutoka studio ya Sisso, na kampuni yao ya pili wakaiita Hakuna Kulala, jina la Kiswahili kisichohitaji kamusi. Mtu anayefanya kazi na vijana wa Dar es Salaam na kuziita kampuni zake kwa Kiswahili hawezi kutuambia kwamba hakupata kusikia neno nyege likichekwa. Twaona kwamba walijua, na wakaona kuwa jina lenye nyuso mbili linauzika: wakibanwa na padre huonyesha uso wa Kiganda, na wakiwa mbele ya vijana wa Nairobi huacha uso wa Kiswahili uonekane. Ni werevu wa biashara. Kwa upande wa lugha, ni kuipunguzia heshima mbele ya wageni ambao pengine hilo ndilo neno lao la kwanza la Kiswahili.

Lakini lawama yetu kubwa hatuielekezi Itanda. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mambo ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kufikia siku ile ya Septemba 2022, miaka kumi na saba baadaye, sheria hiyo ilikuwa haijatungwa. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Walimu tulishangilia, kisha tukangoja. Mwanzoni mwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali tena kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, na likashauri kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Miezi miwili tu baada ya shangwe hizo neno la Kiswahili likaletwa mbele ya taifa. Haikutokea taasisi ya kuitwa itoe fasili, kwa kuwa taasisi yenyewe ilikuwa bado karatasi. Kila mtu akawa mwanaisimu kwa siku moja.

Wazee wa hapa Busiu hawakushangaa. Wao wanaikumbuka amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Amri ilitangazwa redioni, ila vitabu na walimu havikuifuata, na lugha ikaachwa mikononi mwa askari wa vizuizi vya barabarani. Mpaka leo wako akina mama katika soko letu ambao wakisikia Kiswahili fasaha hutafuta kwanza bunduki iko wapi. Hiyo ndiyo hasara ya kuitangaza lugha bila ya kuitolea fedha: hufundishwa na yeyote atakayeikuta njiani. Mwaka 1973 waliikuta askari. Mwaka 2022 ilikutwa na waandalizi wa dansi.

Na fedha hazikukosekana kabisa, zilichagua njia. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ukafika shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenye stashahada wa sayansi nao wakapandishiwa. Mwalimu wa masomo ya sanaa mwenye shahada ile ile aliachwa penye kima kisichofika theluthi ya hicho. Walimu waligoma mwezi wa Juni 2022, wakarudi madarasani mikono mitupu, na Juni 2025 wale wa sanaa wakagoma tena kwa dai hilo hilo. Sasa msomaji na azingatie mpangilio wa tarehe. Mwezi wa Juni mwalimu wa Kiswahili aliambiwa kwamba somo lake ni katika yale yanayoweza kungoja. Mwezi wa Julai akaambiwa kwamba somo lake ni la lazima kwa taifa zima. Katika chumba chetu cha walimu mwenzetu wa fizikia, mtu mwema, alikaa mwezi mzima bila ya kututazama machoni, utadhani yeye ndiye aliyetia sahihi waraka. Tulimnunulia chai ili aone kwamba hatuna kinyongo naye. Chai ile, tukitania, tuliiita mchango wa sanaa kwa sayansi.

Yako mambo mengine ya majira yale yanayostahili kukumbukwa ili uzito wa mjadala ule upimwe. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, ikaua watu wengi na kubomoa nyumba. Wiki tano baadaye, tamasha lilipojadiliwa, machungu yale hapa kwetu yalikuwa bado mabichi. Na mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa shufwa, yaani mwaka wa imbalu, ambapo vijana wa Kimasaaba hutahiriwa na ngoma za kadodi hupita barabarani mchana na usiku. Anayetafuta viuno vinavyozunguka hana haja ya kwenda Itanda; na asimame kando ya barabara ya Mbale na Tororo mwezi wa Agosti. Wako watumishi wa dini wanaoilaani kadodi, na tunawaheshimu kwa kuwa hawabadiliki. Wanasiasa ndio wanaotutatiza. Wakati wa kampeni huikodi kadodi hiyo hiyo iwatangulie, na viuno vile vile huwa utamaduni wetu adhimu.

Jambo hili si la kadodi peke yake. Mwaka 2015 wanamuziki mashuhuri walikusanywa kurekodi wimbo wa Tubonga Nawe wa kumwunga mkono Rais, na hakuna aliyeuliza juu ya maadili ya majukwaa yao. Aprili 2019 onyesho la Pasaka la mwanamuziki Bobi Wine, ambaye wakati huo alikuwa mbunge, lilizuiwa na polisi huko Busabala. Hatuna nia ya kumpigia debe mtu yeyote. Twasema tu kwamba ngoma katika nchi yetu haihukumiwi kwa kusikilizwa. Huhukumiwa kwa kuangaliwa nani ameikodi.

Kwa hiyo na tuisikilize. Sisi hatukwenda Itanda. Umri na mfuko vyote vilikataa. Lakini kijana wa jirani alikwenda, akarudi na sauti alizozinasa kwa simu, na baadaye tulipata kusikia rekodi kadhaa. Nyingine zilitushinda. Singeli huenda mbio kiasi kwamba maneno hukanyagana mlangoni. Tulilazimika kuurudia wimbo mmoja mara tano ndipo tukapata ubeti mzima, na tulipoupata tuliona kwamba kijana yule ana ulimi mwepesi na Kiswahili cha mtaani chenye utani mkali, kisichokuwa na haja ya kudhalilishwa na mwendo ule. Kwetu kasi hiyo ni kasoro, ingawa wanafunzi wetu wanatuambia kwamba ndiyo raha yenyewe.

Kuhusu embaire ya Nakibembe tuna la kusema zaidi. Hiyo ni marimba kubwa ya Wasoga, ambayo magogo yake hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo ndilo linaloipa ngurumo. Wapigaji huketi pande mbili wakielekeana, wengi kwa chombo kimoja, kila mmoja na mapigo yake mafupi ambayo peke yake hayana maana. Yanapofumana huzaliwa sauti ambayo hakuna aliyeipiga. Tuliishi kwa miaka mingi umbali wa saa chache tu kutoka Busoga bila ya kuisikia hata mara moja. Hatukuisikia katika redio wala katika mashindano ya shule tuliyosimamia. Mwaka 2023 rekodi za wapigaji wa Nakibembe zilitolewa na kampuni ile ile yenye jina la aibu, na ndivyo zilivyotufikia. Hili lilituchoma kuliko mshahara. Tamasha lililolaaniwa Bungeni kwa kuharibu utamaduni limewafikishia walimwengu ngoma ya Wasoga, na sisi walimu wa utamaduni huo tuliipata kupitia simu ya kijana aliyetoroka nyumbani kwenda kucheza.

Muhula uliofuata tulilirudia lile swali. Tuligawa ubao sehemu tatu, Kiswahili, Kiganda na Kimasaaba, tukaliandika neno bila ya kucheka, tukaeleza maana zake na tukawataka wanafunzi walete mengine yafananayo kwa umbo na kutofautiana kwa maana. Kicheko kilidumu dakika moja tu. Yule wa kiti cha nyuma, ambaye bibi yake ni Mganda, alileta sita peke yake. Tulipoomba kwa uongozi wa shule kamusi ya pili, kwa kuwa iliyopo ni moja na darasa lina wanafunzi zaidi ya themanini, tulijibiwa kwamba fungu la mwaka ule ni la maabara.

Orodha yetu sasa imefika maneno arobaini na moja. Ya Kiganda na Kimasaaba tunayo ya kutosha kuanzia, ila Kisoga hatukijui. Tunawaomba wenzetu wa Jinja, Iganga na Kamuli wanaosoma kurasa hizi watuandikie ya kwao, hata kama ni machache, nasi tutayapanga kwa alfabeti na kuyaleta kwa mhariri kabla ya likizo ya Desemba.