Jiko la Frankfurt: Pesa Zilipowekwa na Zilipobanwa

Jiko lililobadilisha ujenzi wa nyumba za mjini lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Katika eneo hilo la mita za mraba 6.5 mlienea kila kitu: jiko la kupikia, sinki, kabati zilizofika darini, ubao wa pasi unaokunjwa ukutani, meza ya kukatia chini ya dirisha na stuli ya kuzunguka. Msanifu wake, Margarete Schütte-Lihotzky wa Vienna, alilibuni mwaka 1926. Katika miaka michache iliyofuata majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yakafungwa kwenye mitaa mipya ya mji wa Frankfurt, Ujerumani.

Anayepanga kukarabati jiko lake leo ana mengi ya kuokota pale, kwa sababu kila senti iliyotumika ilibidi ijieleze. Mji ulikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sarafu ya Ujerumani ilikuwa imeporomoka mwaka 1923 hadi akiba za watu zikayeyuka. Ernst May, aliyekabidhiwa idara ya ujenzi na mipango ya mji mwaka 1925, alitaka nyumba ambazo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuzilipia kodi. Jiko lenyewe liliingizwa ndani ya kodi hiyo, kabati zake zikiwemo. Lingepambwa kwa anasa, mpangaji ndiye angelipa, mwezi baada ya mwezi.

Alipima kwanza

Lihotzky alianza na kazi yenyewe: mpishi hutembea wapi, hushika nini, mara ngapi kwa siku? Alikuwa amesoma maandishi ya Christine Frederick, Mmarekani aliyechukua mbinu za viwandani za kupima hatua za mfanyakazi akazihamishia nyumbani. Alichunguza pia majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambako abiria wengi walipikiwa ndani ya nafasi finyu mno. Kisha akapima muda wa kazi za jikoni, moja baada ya nyingine.

Uzeeni alieleza wazi kwamba kabla ya mwaka 1926 hakuwa amewahi kupika. Vienna alipikiwa na mama yake, na Frankfurt alikula mkahawani. Maelezo hayo yanasaidia kuelewa kwa nini jiko lake lilitoka tofauti na majiko ya wengine. Hakuwa na mazoea ya kuyatetea, kwa hiyo alichoshika ni vipimo.

Vipimo ndivyo vilivyolifanya jiko kuwa jembamba. Kabati na sinki vilikaa upande mmoja, jiko la kupikia upande wa pili, na mpishi aliyesimama katikati aligeuka tu, bila kutembea. Mlango wa kusukuma pembeni ulielekea chumba cha kulia, na kutoka kwenye moto hadi meza ya chakula umbali haukuzidi mita 3. Wembamba huo ulipunguza pia eneo la sakafu, kuta na dari, maana kila mita ya mraba isiyojengwa ni mchanga, saruji, rangi na siku za fundi ambazo hazikulipiwa. Uamuzi mkubwa kuliko yote wa kubana matumizi ulifanyika kwenye karatasi, kabla ya tofali la kwanza.

Palipostahili pesa

Baada ya kubana eneo, Lihotzky alitoa kwa ukarimu mahali pachache alipopachagua kwa makini.

Pa kwanza ni meza ya kazi. Ilitengenezwa kwa mbao za biichi, mti mgumu unaostahimili makali ya kisu, madoa na asidi za vyakula. Iliwekwa dirishani ili mikono ipate mwanga wa mchana, kwa kimo kinachomruhusu mtu kukaa kwenye stuli akakata na kumenya. Ilikuwa na droo ya taka inayochomolewa: maganda yalisukumwa moja kwa moja kutoka kwenye ubao, na kazi ikiisha droo nzima ikaenda kumwagwa. Usiku taa haikuning'inia mahali pamoja. Ilipita kwenye reli ya darini ikamfuata mpishi, hivyo taa moja ikafanya kazi ya taa kadhaa.

Pa pili ni hifadhi ya vyakula vikavu. Mchele, sukari na nafaka nyingine zilikuwa na vidroo vyake vya alumini, kila kimoja na mkono wa kukishikia, mdomo wa kumiminia na jina la chakula. Unga haukuwekwa kwenye alumini. Uliwekewa kisanduku cha mwaloni, kwa kuwa mti huo una tanini nyingi na ilijulikana kwamba wadudu wa unga huukimbia. Mwaloni ni mbao ya bei, na kutengeneza jiko zima kwa mwaloni kungeivunja bajeti. Lihotzky aliutumia pale palipokuwa na mdudu wa kuzuia, biichi pale palipopita kisu, na milango ya kabati ikabaki mbao tambarare zilizopakwa rangi, bila nakshi.

Pa tatu ni chini kabisa, mahali ambapo mgeni hapatazami. Kabati zilikaa juu ya kitako cha zege kilichorudishwa nyuma kidogo, vidole vya miguu vikapata nafasi na uchafu ukakosa pa kujificha. Juu, kabati zilifungwa hadi dari ili vumbi lisikae. Karibu na moto palikuwa na kisanduku kilichozibwa vizuri kisipoteze joto: chungu kikishachemka kiliingizwa humo, chakula kikaendelea kuiva bila kuni wala gesi. Hata rangi ya buluu ilichaguliwa kwa hoja, kwani wataalamu wa wakati ule waliamini nzi hawapendi kutua juu yake. Rangi nyingine isingepunguza bei ya kopo.

Ukiziweka hatua hizi pamoja, kanuni yake inaonekana. Pesa zilifuata mguso: kinachoshikwa mara nyingi kwa siku, kinacholowa, kinachokatiwa na kinachobeba uzito kilipata malighafi bora. Kinachotazamwa tu kilipata kopo la rangi.

Palipokosewa

Jiko hilo lilikuwa na makosa, na makosa yake yanafundisha sawa na mafanikio yake. Lilipimwa kwa mtu mmoja. Wawili hawakupishana ndani yake, na mama aliyekuwa akipika alitengwa na watoto waliokuwa sebuleni. Wakosoaji walilitaja hilo mara nyingi katika miongo iliyofuata. Vidroo vya alumini vilikuwa vimeandikwa majina tayari, na familia yenye ulaji tofauti ilijikuta ikiweka chakula kimoja mahali pa kingine. Baadhi vilikaa chini kiasi cha kufikiwa na mtoto. Jokofu halikuwekewa nafasi, na lilipokuja kuwa kitu cha kawaida, nafasi yote ilikuwa imeshagawanywa hadi sentimita ya mwisho. Majiko mengi yaling'olewa, na yaliyobaki sasa yanatunzwa. Jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilinunua moja mwaka 2009.

Kwa hiyo Frankfurt ilibana mahali pamoja ambapo haikupaswa kubana: nafasi ya mabadiliko. Jiko huishi muda mrefu kuliko mtindo wa maisha wa siku lilipojengwa.

Kutoka Frankfurt hadi Afrika Mashariki

Habari hii ina mguu wake huku kwetu. Baada ya kufanya kazi Umoja wa Kisovyeti, Ernst May alikuja Tanganyika mwaka 1934 akalima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi na kurudia usanifu. Alichora mpango wa upanuzi wa Kampala, jengo la ushirika wa KNCU mjini Moshi na hoteli ya Oceanic ya Mombasa, kabla ya kurudi Ujerumani miaka ya 1950. Katika kazi zake za huku alitilia mkazo kivuli na njia za upepo, kwa kuwa hali ya hewa ndiyo iliyodai gharama. Anayekarabati jiko Tanga, Mombasa au Dar es Salaam anadaiwa na joto na unyevu vilevile.

Hewa ndiyo ya kwanza kugharamiwa. Matundu mawili yanayotazamana, moja juu na jingine chini, hufanya kazi ambayo feni ya bei haitaifanya katika chumba kilichozibwa. Tundu la chini lina sababu ya ziada: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya. Mtungi ukikaa nje ya ukuta, ndani ya kibanda chenye matundu, na bomba likaingizwa ndani kitaalamu, gharama huwa ndogo ukilinganisha na hatari inayoondolewa.

Pili ni yanayozikwa. Bomba la maji safi, bomba la maji machafu lenye mteremko wa kutosha na waya za umeme hukaa nyuma ya marumaru, na kuyafikia tena ni kuvunja. Birika la umeme la kilowati 2 hadi 3 huvuta kati ya ampea 9 na 13 kwenye umeme wa volti 230. Likichomekwa pamoja na oveni kwenye njia moja nyembamba, waya hupata moto ukutani. Oveni ya umeme hustahili njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Mwenye nyumba anayepunguza hapa ili anunue marumaru za kung'aa atazilipia marumaru hizo mara mbili.

Tatu ni kabati ya chini ya sinki, ambako majiko mengi ya pwani huanza kuoza. Chipbodi na MDF zikinyonya maji hufura, na zikishafura hazirudi. Mafundi wengi wamelitatua kwa kujenga nguzo fupi za tofali, kumwaga slabu ya zege juu yake na kubandika marumaru, kisha kufunga milango tu kwa mbele. Mninga au mvule ukitumiwa kwenye fremu za sehemu hiyo peke yake, gharama yake inabebeka. Bawaba za chuma kisichoshika kutu nazo si anasa mahali penye hewa ya chumvi. Mlango mzuri uliofungwa kwa bawaba dhaifu huanza kuinama mapema.

Halafu kuna kimo. Meza ya sentimita 85 hadi 90 inafaa kukata ukiwa umesimama, lakini kusukuma chapati kwa saa nzima kunataka meza ya chini zaidi, na kukuna nazi juu ya mbuzi ni kazi ya kukaa. Sehemu moja ya meza ikishushwa, gharama haiongezeki na mgongo hupumzika. Kati ya safu mbili za kabati, mita 1.2 huwatosha wapishi wawili, hesabu yenye maana kubwa katika nyumba inayopokea ndugu wakati wa futari au Krismasi.

Yapo yanayoweza kubanwa bila majuto. Marumaru zinahitajika nyuma ya sinki na nyuma ya moto. Ukuta uliobaki unatosheka na rangi ya mafuta inayosuguliwa. Granaiti inaweza kuwekwa kwenye sehemu ya kazi tu. Koki ya bei hulipiwa urembo wa nje, ilhali muhimu ni uimara wa vali ya ndani na urahisi wa kuipata madukani ikiharibika.

Njia nzuri ya kufikia maamuzi haya ni kuchora jiko jipya kwa chaki kwenye sakafu ya chumba kitupu na kupika ugali na mchuzi kwa vitendo, hatua kwa hatua, ukiangalia miguu inakokwenda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliochunguza majiko katika miaka ya 1940 waliacha kipimo ambacho bado kinatumika: jumla ya umbali kati ya sinki, moto na jokofu iwe takriban mita 4 hadi 8.

Baada ya hapo fundi aombwe makadirio katika orodha tatu: yanayokaa ndani ya ukuta na sakafu, yanayoguswa kila siku, na yanayotazamwa tu. Orodha ya kwanza ilipwe yote kabla ya ya pili kuanza. Pesa zikikata kwenye ya tatu, rafu za wazi na pazia la kitambaa huhudumia familia mwaka au miwili, mradi nafasi za kabati zimepimwa kwa upana wa kawaida wa sentimita 60, ili milango, jokofu au mashine itakayonunuliwa baadaye iingie bila kubomoa kitu.