Hongera kwa Waliobaki Nchi Kavu

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964, na makao yake makuu yako Mtongwe, Mombasa. Sifa zake huwaendea waliomo melini, na ni haki yao. Mimi nawapongeza waliobaki Likoni, Machakos, Kisumu, kokote alikotoka mwanamaji.

Mke wa mwanamaji mara nyingi hajui mumewe atarudi lini, na hata akijua hapaswi kusema. Manowari haitangazi iendako. Ikishaipita minara ya simu ya pwani, simu ya mkononi haishiki. Mtoto akipandwa na homa usiku wa manane, nani atatafuta tuktuk? Karo italipwa vipi, na mama mkwe anayepiga kila jioni aambiwe nini? Yote humwangukia mtu mmoja, asiye na cheo wala sare, na hakuna gwaride la kumpigia saluti.

Wanajeshi wa Kenya walipotua Kismayu, Somalia, kutokea baharini, 28 Septemba 2012, sisi wengine tulisikia taarifa ya habari. Waliobaki nyumbani walikuwa wakisikilizia jina la mtu.

Siku hizi wanawake nao wanahudumu jeshini humo, basi kuna baba anayewasuka mabinti nywele kabla ya shule. Anasuka vibaya, lakini anasuka.

Hongereni, pamoja na majirani mnaowashikia watoto bila kuuliza meli iko wapi.