Sauti Tatu Kwenye Kopo Moja

Lebo ya Kontakt 60, kopo la kupulizia ambalo mafundi wa redio wanalijua siku nyingi, ina watunzi watatu wasiosemezana. Mbele yuko muuzaji na maneno yake machache, makubwa, ya rangi. Nyuma iko sheria. Kati yao, kwa herufi ambazo fundi huzisogezea taa, yuko mtu anayeijua kazi yenyewe, naye ndiye aliyebaniwa nafasi kuliko wote.

Mwenye mtindo hasa ni sheria. Tangu nchi zianze kufuata mfumo wa pamoja wa kutambulisha kemikali, uliochapishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003, onyo la kopo halitungwi; huchaguliwa. Kila sentensi ina namba yake katika orodha: H222 ni ya kopo linaloshika moto kwa urahisi mno, H229 ya kopo lenye mgandamizo linaloweza kupasuka likipata joto. Mtengenezaji hana ruhusa ya kutia madoido. Kinachobaki ni nathari kavu, amri juu ya amri, isiyo na msemaji. Hata hivyo P251 ni sentensi iliyotungwa vizuri: usitoboe wala kuchoma, hata baada ya kutumia. Uzito wote uko kwenye kile kishazi cha mwisho. Amri nyingine humtazama anayepuliza. Hii humfuata hadi jalalani, takataka zinapotiwa kiberiti, kwa kuwa kopo analoliita tupu bado lina gesi. Jirani yake, inayokataza joto la kupita nyuzi 50, ina tarakimu lakini haina mahali. Msomaji wa Dar es Salaam atapajaza mwenyewe: dashibodi ya gari lililofungwa, saa nane mchana.

Sasa yule wa katikati. Kontakt 60 huyeyusha oksidi kwenye swichi, au kwenye voliumu ya redio inayokwaruza. Dawa hiyo haitakiwi kubaki pale. Ikishafanya kazi, huoshwa kwa Kontakt WL, kisha Kontakt 61 huacha utando wa kulinda chuma. Ni hadithi ya sura tatu inayouzwa sura moja moja, na majina yake hayasaidii: nani angekisia kwamba WL inakaa kati ya 60 na 61? Tena sura ya kwanza hudanganya kwa utamu wake. Redio inapona papo hapo, mteja analipa, na mabaki yanabaki ndani yakila chuma polepole. Ningekuwa mhariri wa lebo hii, agizo la kuosha ningelipandisha mbele, saizi moja na jina.

Kopo la baridi, lile la kupooza ghafla kipande kimoja cha kifaa, nalo lina mgongano mkubwa zaidi. Halitengenezi kitu, hutafuta tu hitilafu. Kifaa kinazima kikishapata moto, basi fundi anapuliza kipande kimoja, anasubiri, anahamia kingine, mpaka transista fulani inapovaa ukungu mweupe na picha inarudi. Kwa muda mrefu gesi iliyozoeleka humo ilikuwa R-134a, isiyoshika moto, lakini yenye nguvu ya kupasha dunia joto mara 1,430 ya kaboni dioksidi. Kuanzia 2018 Umoja wa Ulaya ukazuia makopo ya kiufundi yenye gesi za jamii hiyo zenye nguvu hiyo ya mara 150 au zaidi. Baadhi ya watengenezaji wakahamia HFO-1234ze, wengine butani na propani, na hawa wa pili wakalazimika kuchapa alama ya mwali wa moto.

Pamoja na mwali ikaja P211: usipulizie penye mwali wala chanzo kingine cha kuwasha moto. Lakini hitilafu ya joto haionekani kifaa kikiwa kimezimwa. Lazima umeme uwe unapita ndipo kipande kichemke na kosa lijitokeze. Sentensi ya matumizi inamtaka fundi afanye kazi penye umeme, sentensi ya sheria inamwondoa penye cheche, na zote mbili zimechapwa ubavu mmoja wa kopo, bila ya moja kuitaja nyingine.