Mwizi Aliyeibiwa Mifupa

Msomaji, Einhard, aliyeandika maisha ya Kaisari Charlemagne, aliacha pia kitabu kingine cha Kilatini, kisichosomwa sana. Chasimulia jinsi mifupa ya watakatifu Marcellinus na Petro (si Petro yule Mtume) ilivyohamishwa kutoka Roma hadi Ujerumani.

Mwaka 827 Einhard alimtuma karani wake, Ratleig, kwenda Roma. Usiku, kwa siri, kaburi likafunguliwa na mifupa ikachukuliwa. Mwandishi haoni haya kuyaeleza hayo. Utetezi wake ni miujiza: ndoto zilizowaongoza watu wake, na wagonjwa walioponywa. Kwake, mtakatifu yu hai, naye huchagua mahali pa kukaa.

Lakini angalia yanayofuata. Padre wa Abati Hilduin, aliyefuatana na msafara ule, aliiba sehemu ya mifupa ya Marcellinus. Hapo Einhard alihuzunika, akadai haki yake, hata akarudishiwa. Tendo lililokuwa ibada mikononi mwake likawa wizi mikononi mwa mwenziwe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Je, tumwite mnafiki? Mnafiki angalificha, Einhard ametuwekea matendo yote mawili wazi, tuyapime. Kasoro ya kitabu ni nyingine: machozi yake mwenyewe tunayaona, bali hasara ya waliosali penye kaburi lile la Roma haipewi uzito. Basi, usomapo habari za ushindi wowote, uliza: aliyenyang'anywa yuko wapi?