Nyumba za Mawe za Mkomani na Stara Iliyojengwa Ndani Yake

 

Ndugu msomaji, siku hizi ni nadra kumsikia mtu akiutaja mji wa Lamu asiutaje mlango. Picha ya mlango imetundikwa mahotelini, imechapwa kwenye kalenda, imetiwa kwenye mikoba. Na haki ya mlango tusiidhulumu. Nakshi ya mafundi wa Lamu ni kazi ya mikono yenye subira, wala hapana atakayeikanusha. Lakini kuisifu nyumba kwa mlango wake ni kama kumsifu mtu kwa kilemba chake. Makusudio yetu hapa ni kuingia ndani na kuipima nyumba ya Mkomani kwa ile kazi iliyojengewa: lipi ilifanya vyema, lipi ilikosa, na lipi tunaiharibia sisi tulioirithi.

Mkomani ni upande wa kaskazini wa mji, na Langoni ni upande wa kusini. Mji wenyewe ni wa kale. Msikiti wa Pwani hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1370. Ama nyumba kubwa za mawe tuzionazo leo, nyingi ni za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, zama ambazo Lamu ilineemeka kwa biashara ya bahari. Katika zama hizo ndipo watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate na Mombasa katika vita vya Shela, kisha wakatafuta himaya ya Seyyid Said wa Oman, na ile ngome ikakamilika mwaka 1821. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Tazama kwanza vifaa. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, mnene karibu nusu mita, umeshikwa kwa chokaa. Dari ni ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana, na kwa hivyo chumba cha Lamu ni chembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, lakini urefu wake ni mkubwa. Fundi hakuuona upungufu huo kuwa balaa. Alivipanga vyumba hivyo vyembamba kimoja nyuma ya chengine, na kila kimoja akakiinua kidogo kuliko kile kilicho mbele yake. Hivyo mtu aingiapo nyumbani hupanda daraja kwa daraja, kutoka mwangaza wa uwanjani mpaka utulivu wa ndani kabisa.

Sasa fuatana nami, msomaji, tuingie. Kwanza ni daka, nalo lina baraza za mawe pande mbili. Hapo hukaa mwenyeji na jirani yake, hapo hunywewa kahawa, hapo huzungumzwa bei na posa. Mtu aliyepokewa dakani amekirimiwa, na wala hajaona lolote la ndani. Baada ya mlango ni tekani, ukumbi mdogo ambao ukuta wake humkata mtu jicho. Hapana budi apinde ndipo akione kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani usioezekwa. Kutoka kiwandani ni misana, wa tini na wa yuu, kisha ni ndani, penye zidaka na nakshi za chokaa. Nyuma yake ni nyumba ya kati. Mgeni wa kiume naye ana sabule yake, akalala na kuamka bila ya kuwapitia watu wa nyumba.

Je, haya ni mapambo? La, hasha. Katika Surat An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Fundi wa Mkomani aliichukua amri hiyo akaijenga kwa mawe. Mtu akisahau kubisha hodi, ukuta wa tekani humkumbusha. Hii ndiyo sifa kubwa ya nyumba hizi, nayo haionekani katika picha ya kalenda, kwa sababu kazi yake ni kuzuia kuonekana.

Hata njia zinafuata kanuni hiyo. Ukipita katika vichochoro vya Mkomani huoni ila kuta ndefu na madirisha machache yaliyo juu. Mahali pengine utapita chini ya wikio, chumba kilichovuka njia na kuunga nyumba mbili. Ilikuwa ada ya wazee wa Lamu kumpa binti nyumba anapoolewa, na wikio likamwezesha bibi arusi kumwendea mama yake bila ya kushuka njiani. Linganisha na nyumba za pwani, zilizojengwa kuelekea mwisho wa karne ya 19 katika ardhi iliyojazwa mbele ya mji. Zile zina veranda na zinatazama bahari na maduka. Ni nzuri, zina hewa, na zimefaa kwa biashara. Lakini hizo zatutazamisha nje, na za Mkomani zatutazamisha nafsi zetu.

Walakini mwenye kupima kwa haki hapimi upande mmoja. Stara hii ilikuwa ya nani? Nyumba hizi zilikuwa za waungwana. Katika nyumba nyingi za ghorofa, chini walikaa watumwa pamoja na ghala, na juu wakakaa mabwana. Yule mwanamke aliyebeba maji na kutwanga nafaka hakujengewa tekani. Yeye alitoka njiani kila siku ili bibi yake asitoke. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, nyumba nyingi zilidhoofika, kwa kuwa utajiri wa wenyewe ulisimama juu ya migongo ya watu. Na wakati Mkomani ikijivunia kuta zake, ni huko Langoni, penye nyumba za udongo na makuti, ambako Habib Swaleh alisomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, na huko ndiko ulikosimama msikiti wa Riyadha. Basi tuirithi adabu ya nyumba hizi, na kile kiburi tukiache. Stara ni haki ya kila Mwislamu, awe wa jiwe au wa makuti.

Ama sisi wa leo, makosa yetu ni ya namna nyengine. La kwanza ni saruji. Mtu huona chokaa imebanduka, akaipaka saruji juu yake akidhani ametengeneza. Chokaa huvuta pumzi. Unyevu wa jiwe hupata pa kutokea. Saruji huufungia unyevu ndani, jiwe likaliwa polepole na boriti zikaoza, na mwenye nyumba hajui mpaka dari imkalie kichwani.

La pili ni kuongeza orofa. Mtu huinua dari yake ili apate upepo na kuitazama bahari, au apate vyumba vya wageni wa kulipa, na papo hapo akawa anakitazama kiwanda cha jirani. Mama wa watu aliyekuwa akianika nguo zake kichwa wazi tangu utotoni, sasa hukimbilia ndani mchana kutwa. Hapana jiwe lililovunjwa, lakini nyumba ya jirani imeshabomolewa. Je, haki ya jirani imekwenda wapi?

La tatu ni kuuza. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya. Hatumlaumu mnunuzi, wengine wametengeneza kwa chokaa vizuri kuliko sisi wenyewe. Lawama ni juu ya warithi wanaume wanaouza kwa haraka nyumba aliyopewa dada au shangazi yao, kisha wakamkatia fungu dogo na kumwambia ashukuru. Huko ni kula mali ya mtu kwa batili, hata kama karatasi zimepigwa mihuri.

Kwa hivyo nakunasihi, ndugu yangu. Ukitengeneza, tumia chokaa. Ukuta wa tekani usiuvunje kwa ajili ya mwangaza. Kabla hujainua dari, nenda kwa jirani ukamtake ridhaa, na akikataa, jizuie. Na kama warithi ni wengi na kila mmoja anavuta upande wake, mirathi igawanywe kwa haki mbele ya kadhi, na wanaoridhika waiweke nyumba wakfu, ili mabinti wa ukoo wasikose pa kukaa.

Mwenyezi Mungu azistiri nyumba zetu na za jirani zetu, na awarehemu mafundi waliozijenga, na wale waliobeba mawe yake bila ya kutajwa majina. Amin.