Muhuri wa Jiwe na Kauli ya Ukoo: Namna Historia ya Upare Ilivyopatiwa Tarehe

Kitabu cha Isaria Kimambo kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, ambacho kilitokana na tasnifu aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, na kuchapishwa Nairobi mwaka 1969, kinaanzia karibu na mwaka 1500 na kuishia 1900, ingawa sehemu kubwa ya karne hizo nne haina hati yoyote iliyoandikwa na Wapare wenyewe. Kimambo, mzaliwa wa Upare, alikuwa mkusanyaji wa mambo ya kale ambayo hayawezi kuwekwa kabatini, na kwa sababu hiyo mbinu yake inastahili kuchambuliwa kwa makini kama matokeo yake.

Ugumu wa kazi hiyo huonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na ya Philipp von Stosch (1691–1757), mkusanyaji mashuhuri wa vito vya kale vilivyochongwa, yaani vijiwe vidogo ambavyo Wagiriki na Warumi walivichimbia sura kwa ndani ili vitumike kama mihuri. Sura ya kito cha namna hiyo huwa imegeuzwa, kushoto kukiwa kulia, na hata jina la mchongaji huandikwa kinyume, kwa hiyo msomaji hulazimika kukigandamiza kwenye nta laini ndipo sura isimame sawasawa na herufi zisomeke. Mwaka 1724 Stosch alichapisha kitabu cha vito 70 vyenye majina ya wachongaji, na baada ya kifo chake Winckelmann, mtaalamu wa sanaa ya kale, akaandika orodha ya mkusanyiko wake, uliozidi vito 3,000, iliyotolewa Florence mwaka 1760. Jiwe lina faida moja kubwa, nayo ni kwamba likishagandamizwa leo laweza kugandamizwa tena kesho, na alama ikatoka ileile.

Simulizi la mdomo halina uthabiti huo. Masimulizi ya Ugweno, katika Pare Kaskazini, yanaeleza kwamba ukoo wa Washana, waliokuwa wafua chuma, ulishika utawala hadi ulipopinduliwa na ukoo wa Wasuya chini ya Angovi, na kwamba mwanawe Mranga ndiye aliyeupanga utawala upya, jando nalo likawekwa chini ya mamlaka ya mtawala. Habari ya mapinduzi ikitoka kwa ukoo ulioshinda peke yake, humpa mtafiti sifa za mshindi tu. Inapolinganishwa na kauli ya ukoo ulioshindwa, na pia na mambo ambayo hakuna mwenye haja ya kuyatungia uongo, kama vile nani huongoza sehemu gani ya tambiko au mpungi, yaani mahali patakatifu pa ukoo, pako upande gani wa mlima, ndipo kiini cha tukio hujitokeza. Ulinganishaji huo ndio nta ya mwanahistoria wa masimulizi.

Tarehe hupatikana kwa njia nyingine, ambayo ni kuhesabu vizazi katika nasaba za watawala na kurudi nyuma kutoka kwa mtu ambaye wakati wake unajulikana. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba nasaba ina vizazi 14: kila kizazi kikipewa miaka 27, jumla ni miaka 378, lakini kikipewa miaka 30, jumla inakuwa 420, na tofauti ya miaka mitatu kwa kizazi imekwisha kuzaa tofauti ya miaka 42. Zaidi ya hapo, ndugu wawili waliopokezana utawala wakihesabiwa kama baba na mwana, kizazi kizima kinaongezeka pasipo kuwapo. Kwa hiyo mwaka 1500 katika jina la kitabu hicho usomwe kama kadirio, na neno «karibu» linaloutangulia libebe uzito wake wote. Kimambo aliliweka kwa uaminifu, lakini wanaomnukuu mara nyingi huliacha.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya uchapishaji. Kwa kuwa kito chenye jina la mchongaji kiliuzwa ghali kuliko kisicho nalo, mafundi wa karne ya 18 walichonga majina ya mabingwa wa kale juu ya vito vingine, na kitabu cha Stosch kikawa miongoni mwa vielelezo vya kuyapata majina hayo. Katika masimulizi jambo hilo huitwa mrejeo, yaani maandishi kurudi mdomoni: mzee aliyesoma kitabu, au aliyefundishwa na mwalimu aliyekisoma, hukisimulia kama urithi wa babu zake, tena kwa nia njema kabisa, na mtafiti mpya hudhani amepata shahidi wa pili kumbe anamsikia Kimambo yuleyule.

Anayekusanya habari za koo leo, iwe Same au Mwanga, hana budi kuandika kwanza jina la ukoo wa msimulizi, nani alimsimulia na kama amewahi kukisoma kitabu cha mwaka 1969, kabla hajaandika neno moja juu ya Angovi.