Siri Kama Mali: Njama na Diplomasia ya Chini kwa Chini katika Crusader Kings III

Wahakiki wengi wa fasihi wameipuuza michezo ya tarakilishi kwa hoja mbili: kwamba ni burudani ya watoto, na kwamba haina matini inayoweza kusomwa. Hoja ya kwanza haistahili jibu refu; ngano na vitendawili navyo vilidharauliwa vivyo hivyo kabla ya kukubaliwa katika mitaala yetu. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu akitutaka tumwonyeshe matini ya mchezo, hatuna kitabu cha kumfungulia, kwani wachezaji wawili hawapati kisa kimoja. Hata hivyo kipo kitu kisichobadilika kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine, nacho ni kanuni. Kanuni ndizo zinazoamua kitendo gani kinawezekana, kinagharimu nini, na nani atapata habari zake. Katika makala haya tunadhamiria kuzisoma kanuni za njama katika Crusader Kings III, mchezo uliotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Paradox ya Uswidi, jinsi mhakiki anavyousoma msuko wa tamthilia.

Mchezaji huchagua mtawala mmoja, mkubwa au mdogo, aliyeishi mwaka 867 au 1066 (mwaka 1178 uliongezwa mnamo 2024), kisha huongoza mambo yake na ya warithi wake hadi 1453. Mtawala akifa, mchezaji huingia katika nafsi ya mrithi. Kwa hiyo mhusika mkuu ni ukoo mzima, na watu binafsi hupita tu. Kila mtu ana viwango vya stadi, na mojawapo ya stadi hizo ni hila. Katika baraza la mtawala mna mkuu wa ujasusi, ambaye aweza kutumwa kutafuta siri katika majumba ya wengine, kuzisaidia njama za bwana wake, au kuzivuruga za maadui. Njama ya mauaji huonyeshwa kwa tarakimu mbili: uwezekano wa kufaulu na uwezekano wa kubaki siri. Tarakimu hizi haziendi pamoja. Mtu aweza kufaulu kuua na papo hapo akajulikana.

Jambo linalotuvutia zaidi ni lile ambalo mchezo unaliita ndoano. Mkuu wa ujasusi akigundua kwamba kabaila fulani ni mzinzi, au amemwua mtu, au anafuata dini nyingine kwa kificho, mchezaji huwa na njia mbili. Aweza kuifichua siri hadharani. Mwenye siri ataaibika, lakini mfichuaji hatabaki na kitu mkononi. Au aweza kumwendea mwenye siri na kumtisha, naye akapata ndoano juu yake. Ndoano dhaifu hutumika mara moja ikaisha. Ndoano imara hutumika tena na tena, mradi muda fulani umepita, na aliyenaswa nayo hawezi kumlia njama aliyeishika. Kwa ndoano mtu hulazimishwa kukubali posa aliyoikataa jana, kupokea masharti mapya ya utii, au kujiunga na njama ya kumwua jirani yake.

Tukiitafakari kanuni hii tunaona kwamba ina nadharia ndani yake. Inatuambia kwamba thamani ya siri imo katika kutosemwa. Siri iliyotangazwa ni sarafu iliyokwisha tumika. Inatuambia pia kwamba mapatano ya watawala, yale yanayoandikwa kwa mihuri na kushuhudiwa na maaskofu, yaweza kuwa sura ya nje tu ya madeni yaliyofungwa gizani. Vitabu vingi vya historia husimulia ndoa za kifalme kana kwamba ziliamuliwa na masilahi ya dola peke yake. Mchezo huu unamfanya mchezaji aulize ni nani alimjua nani, na alijua nini juu yake. Hilo, kwa maoni yetu, ni ufahamu wa kisiasa ambao riwaya nyingi za kihistoria hazijaufikia.

Ila hapa ndipo kasoro kuu ya utungo huu inapojitokeza. Siri imegeuzwa mali, na mali haina lugha. Kabla ya kupeleka pendekezo lolote, mchezaji huonyeshwa kama litakubaliwa au litakataliwa, pamoja na orodha ya sababu zilizojumlishwa na kutolewa: huyu anakupenda kwa kiasi hiki, anakuogopa kwa kiasi kile. Mioyo imeandikwa kwenye paji la uso. Wanaofichwa ni watendaji wa matendo. Nia za watu dhidi ya mchezaji, kwa sehemu kubwa, zimeanikwa juani. Diplomasia ya aina hii haina kauli yenye maana mbili, haina kimya cha kufasiriwa, wala haina mtu wa kusoma vibaya tabasamu la mwenyeji wake.

Msomaji aliyelelewa na tungo za pwani ataiona kasoro hii upesi. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yumo gerezani na walinzi wanamsikia anapoimba. Wimbo uleule unaowaburudisha wao unampa kijakazi Saada agizo la kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Siri inapita masikioni mwa adui ikiwa imevaa nguo za maneno. Baadaye mtawala wa Pate anamnunua mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye, na kijana anamwuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Hadi hapo mchezo wa Paradox ungeweza kufuatana na utenzi hatua kwa hatua: mshirika amepatikana, hongo imetolewa, uwezekano umepanda. Lakini Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado anaitaja sindano ya shaba na kitovu. Hakuna tarakimu inayoweza kuibeba hatua hiyo. Baba anayeitoa siri yake kwa mtu anayejua kwamba atamsaliti ametoka nje ya hesabu ya faida na hasara, na hapo ndipo tanzia ilipo.

Tusiwadhulumu watungaji, hata hivyo. Wao wenyewe wameliona pengo hili, na wamejaribu kuliziba kwa kanuni ya mfadhaiko. Mtu aliyeumbwa na huruma akipanga mauaji, mfadhaiko wake huongezeka, na ukizidi mno huvunjika nafsi: hukimbilia ulevi, au hupata tabia nyingine asizokuwa nazo. Dhamiri imepewa mwili. Ni suluhisho la busara, ingawa nalo limeishia kuwa gharama nyingine ya kulipwa. Mwaka 2024 mfumo wa njama ulirekebishwa na kila mshirika akapewa nafasi maalumu ya kazi. Vladimir Propp, aliyewaainisha wahusika wa ngano kwa majukumu yao mwaka 1928, angeyafurahia mabadiliko hayo. Sisi hatukuyafurahia sana. Washirika wameongezeka ujuzi bila kuongezeka utu.

Mfano mmoja utaonyesha mpaka wa mchezo huu ulipo. Mwaka 1066 ndugu watatu, wana wa Fernando aliyefariki mwaka uliotangulia, wanatawala kaskazini mwa Uhispania: Sancho yuko Castilla, Alfonso yuko León, García yuko Galicia. Historia inasema kwamba mwezi Januari 1072 Sancho alimshinda Alfonso vitani, na Alfonso akakimbilia Toledo kwa mfalme Mwislamu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Sancho aliuawa nje ya kuta za Zamora, mji alioushikilia dada yao Urraca. Alfonso alirudi akatawazwa, na García akatiwa gerezani, alikofia mwaka 1090. Je, Alfonso alihusika katika kifo cha nduguye? Hadithi ya baadaye inasimulia kwamba aliapishwa mbele ya watu kuwa mikono yake ilikuwa safi. Hakuna aliyelithibitisha wala kulikanusha jambo hilo hadi leo.

Mchezaji anayemchukua Alfonso aweza kupanga kifo hicho mwenyewe. Njama ikifichuka, atabandikwa jina la muuaji wa ndugu. Isipofichuka, jina hilo halimgusi, na siri itabaki kama kitu chake kingine chochote, ikisubiri jasusi wa kuiokota. Kwa vyovyote vile, mchezaji anajua. Kanuni hazina nafasi ya siri isiyo na mwenyewe: ya dada aliyetenda kwa kukisia matakwa ya kaka bila kuagizwa, ya kaka aliyetamani bila kutamka, ya mfalme anayeapa huku yeye mwenyewe hana hakika anaapa kweli au uongo. Alfonso wa mchezo akiletewa kiapo, atatazama orodha ya siri zake na kupata jibu. Yule wa Zamora hakuwa na orodha.